Watu wa Kutega Sikio

Kama mzee wako anatumika ku mgodi, chini ya udongo, unajua namna anavyorudi nyumbani. Baba yangu alikuwa anakaa ku kiti, watoto tunapiga makelele, mara anainua mkono: «Mungoje kidogo.» Tulikuwa tunamcheka. Kumbe kule chini jiwe linatoa sauti mbele ya kuanguka, na mwenye kuisikia njo mwenye kurudi kwake.

Nilimkumbuka siku ile nilisoma habari ya vita ya 14-18 kule Ulaya. Mwisho wa 1914 majeshi yalikwama. Toka Bahari ya Kaskazini hadi mpaka wa Uswisi, karibu kilometa 700, waaskari walichimba mahandaki, wakakaa mu matope pamoja na panya. Mwenye kutoka nje alikuta senyenge na risasi. Tarehe 1 Julai 1916, ku mto Somme, Waingereza zaidi ya 19.000 walikufa. Siku moja tu!

Njia ya juu ilifungwa, basi wakubwa wa jeshi wakatafuta njia ya chini. Waliita nani? Watu wa migodi ya makaa ya mawe, na wale wenye kuchimba mifereji ya maji machafu ya Manchester. Mu udongo wa mfinyanzi kule Ubelgiji, mtu aliegemea ubao kama mwenye kulala chali, akasukuma sepetu kwa miguu yote miwili, polepole, bila kugonga. Sababu Wajerumani nao walikuwa wanachimba kuwaelekea. Kila upande ulikuwa na watu wa kutega sikio tu, na chombo kama kile cha daktari. Ukisikia sepetu, adui yuko karibu. Sepetu ikinyamaza, hapo uogope zaidi: labda amekwisha kuweka baruti.

Tarehe 7 Juni 1917, mbele ya kucha, karibu na Messines, mashimo 19 yalilipuka, baruti zaidi ya tani 400. Waingereza wakakamata kilima. Lakini vita haikuisha, iliendelea mpaka Novemba 1918. Shimo moja lililosahauliwa lililipuka 1955, wakati wa mvua ya radi, likaua ng'ombe.

Na sisi wa Katanga tusiseme ni mambo ya wengine. Shaba yenye kuyeyushwa Lubumbashi tangu 1911 ilipelekwa Ulaya wakati wa vita ile, ikatengenezwa maganda ya risasi na ya mizinga.

Nilimsomea baba habari hii yote. Hakuuliza nani alishinda. Aliuliza: «Yule wa ng'ambo, akisikia sepetu, alijua kama ni mtu wa mgodi sawa yeye?»

Nikasema: «Baba, lazima alijua.»

Alinyamaza. Kisha akaomba maji ya kunywa.