Kabadili rangi ya utepe tu, mdogo mtu kanuna siku tatu

Wadau wanaotengeneza albamu za picha kwenye kompyuta wanaijua raha ya vifurushi vya mapambo. Unanunua faili moja, ukifungua unakuta utepe, maua, vifungo, vipepeo, fremu na vijipini, kila kimoja kimekatwa safi hakina kitu nyuma yake. Unavipachika pembeni ya picha kama vile zamani watu walivyobandika kwa gundi kwenye madaftari. Shida huwa ni rangi. Kifurushi kimekuja chekundu na cheupe, ukurasa wako unataka rangi nyingine kabisa. Hapo ndipo watu hufungua Photoshop saa sita usiku na kulala saa kumi.

Dada mmoja wa Kinondoni, mchana mhasibu, jioni ndiye fundi wa picha wa familia, alijipa kazi ya albamu ya sendofu ya mdogo wake wa kike. Ionyeshwe ukumbini kwenye skrini, halafu ichapishwe. Ukurasa wa kwanza aliuweka kwa ajili ya mama yao, aliyefariki dada akiwa na miaka 11 na mdogo miaka 2.

Picha ya maana ya mama ilikuwa moja tu, ya studio, miaka ya 1980. Kasimama kavaa gauni la kitenge, mkono mmoja kauweka juu ya stuli yenye ua la plastiki. Wazo la dada lilikuwa zuri: utepe na maua ya ukurasa ule yachukue rangi ya gauni la mama. Akachukua kile kidude cha kudonolea rangi, akadonoa kwenye gauni, ikatoka rangi ya kutu, kama tofali la kuchoma lililonyeshewa mvua. Akapaka mapambo yote. Ukurasa ukapendeza kwelikweli. Akautupia kwenye grupu la familia.

Mama mdogo yuko Morogoro, na ndiye aliyezima shangwe. "Mwanangu, kazi nzuri, Mungu akubariki. Ila lile gauni lilikuwa la kijani. Nililipiga pasi mimi siku ile."

Kumbe picha yenyewe ndiyo imebadilika. Picha za rangi za karatasi zina rangi tatu zilizolala moja juu ya nyingine: samawati, majenta na njano. Kwenye picha nyingi za zamani zilizokaa gizani ndani ya albamu, samawati ndiyo hutangulia kufifia. Kijani kinatengenezwa na samawati na njano. Samawati ikiondoka, gauni la kijani linageuka kahawia, na ukuta mweupe unakuwa wa waridi. Ukidonoa rangi hapo unadonoa ugonjwa wa karatasi.

Mama mdogo alikuwa bado na kipande cha kitambaa, kile fundi anachorudisha baada ya kushona. Kikaja na basi, kimefungwa kwenye bahasha ya kaki. Kijani kizito, cha kisamvu kibichi. Dada akakiweka karibu na dirisha asubuhi, taa zimezimwa, karatasi nyeupe pembeni ili aweze kusahihisha weupe wa picha baadaye, akakipiga kwa simu.

Sasa kazi. Utepe wa kifurushi ulikuwa mwekundu. Ukiwa na nyekundu tupu, ukasogeza kitelezi cha Hue hatua 120, unafika kijani tupu. Rahisi, sio? Ila kilichotoka kilikuwa kijani cha ndoo ya plastiki, kinachoma macho. Sababu ni kwamba macho hayapokei rangi sawasawa. Kwa hesabu iliyotumika tangu zama za televisheni za rangi, mwanga wa skrini nyeupe ukiufanya 100, kijani kinachangia 59, nyekundu 30, bluu 11 tu. Kwa hiyo utepe uliokuwa mtulivu kwa wekundu ukigeuzwa kijani unawaka, na mikunjo yake inapotea. Ilibidi apunguze ukali wa rangi, kisha ashushe mwanga wa katikati kwa Curves polepole, mpaka utepe ukaonekana kitambaa tena.

Maua meupe nayo yaligoma. Nyeupe haina rangi ya kuzungushwa. Sogeza kitelezi mpaka uchoke, ua liko vilevile. Dawa yake ni kuweka leya ya kijani juu ya ua, ikilishika ua peke yake, halafu uichague iwe Multiply: palipo peupe panakuwa kijani, palipo na kivuli panabaki na kivuli. Halafu kuna lile kosa la wengi: pini ya chuma kwenye fundo la utepe nayo inageuka kijani, na kivuli cha kijivu kilichochorwa chini yake pia. Chuma cha kijani kinamwambia kila mtu kwamba umefanya haraka. Dada akavifunika vyote viwili visiguswe. (Na jamani, vifurushi vingi masharti yake yanakuruhusu kubadili rangi kwa matumizi yako, sio kuigeuza na kuiuza kama yako.)

Alipomaliza, mkono ukamwasha, akaenda hatua moja mbele: akairudishia picha yenyewe samawati yake. Ukuta ukawa mweupe, gauni likawa kijani, mama akapata ngozi ya mtu aliye hai. Grupu zima likalia kwa furaha. Mdogo mtu akasoma, akanyamaza. Siku tatu.

Siku ya nne akaja mwenyewe. "Dada, huyo simjui."

Dada akamwonyesha kitambaa. Mdogo akakishika, akakirudisha mezani. "Najua ni kweli. Wewe unamkumbuka, kwa hiyo una mama wa kijani. Mimi nimelala na ile picha ya kahawia chini ya mto bweni lote, toka kidato cha kwanza. Mama ninaye huyo tu."

Upande wa dada una hoja: kitambaa kipo, na aliyelipiga pasi yupo. Lakini sherehe ilikuwa ya mdogo, na aliyekuwa anaagwa ni yeye. Ukweli wa gauni haumpi mtu haki ya kumnyang'anya mwenzake mama, hata kama programu inaruhusu.

Walikaa wote wawili mbele ya kompyuta mpaka usiku. Picha ikarudishwa kama ilivyokuwa, na ukuta wake wa waridi. Utepe ukabaki kijani cha kisamvu, mdogo mwenyewe ndiye aliyeshika kitelezi mwishoni. Kipepeo kimoja cha pembeni akaomba kibaki rangi ya kutu. Dada alisema hakitaendana. Kilibaki.

Usiku wa sendofu projekta ya ukumbini ilikuwa mbovu. Ukurasa wa mama ulipotokea, utepe, maua na hata kipepeo, vyote vilikuwa bluu. Dada akashika kichwa. Mama mdogo, meza ya mbele, akasimama na kunyoosha kidole kwenye skrini: "Enhee! Hiyo sasa ndiyo rangi yenyewe ya lile gauni!"