Peke Yangu Mpaka Ng'ambo ya Ziwa



Tangu nilipofika hapa internat, wengi wananiuliza habari ya safari yangu ya Kigoma: namna gani kijana wa miaka 19 anaweza kuvuka ziwa na kuingia inchi ya wengine bila mkubwa wa kumuongoza? Nimeona inafaa niandike, ili nisirudilie maneno yaleyale kila jioni.

Sababu ya safari ni hii. Mama yangu mukubwa, dada ya mama, alikimbia Kalemie wakati wa vita iliyoanza mwaka 1998. Alivuka pamoja na watu wengi, akaolewa huko Ujiji, na hakurudi tena. Mama yao, yule tunayemwita kambo, angali mzima, lakini miguu yake haina tena nguvu ya kupanda bato. Kila juma wanaongea kwa telefone, na mama mukubwa anasema tu: "Tuko wazima, Mungu ni mwema." Basi, katika vakansi kubwa ya mwaka 2022, kambo akaniita. Akasema: "Telefone inaleta sauti, haileti sura. Enda umuone na macho yako. Ukirudi, uniambie yote yenye umeona, usifiche hata kitu kimoja." Mama hakuweza kuacha kazi yake sokoni. Nikabaki mimi.

Neno la kwanza la safari ya inchi ingine ni karatasi. Inafaa uwe na paspoti. Inafaa tena uwe na karte ya manjano, inayoshuhudia kwamba umepigwa sindano ya homa ya manjano. Juu ya hizo, pasta wetu aliniandikia barua kwa kanisa moja la Kigoma. Rafiki mmoja aliicheka: "Barua ya pasta itafungua mpaka?" Nilimjibu kwamba hata Paulo, katika sura ya 16 ya Waraka kwa Waroma, alimuombea dada Foibe apokelewe vizuri. Mpaka unafunguliwa na paspoti, ndiyo. Lakini mlango wa nyumba unafunguliwa na kitu kingine.

Tuliondoka Kalemie jua likishuka. Katika jeografia tumejifunza kwamba ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa karibu 670, na kwamba kilindi chake kinafika metre karibu 1.470, katika dunia yote ni ziwa Baikal tu, kule Urusi, linalolishinda kwa kilindi. Hizo ni namba za kuandika katika daftari. Lakini usiku, wakati taa za mji zimepotea nyuma, na upepo wa kipwa unapiga ubavu wa bato, na wewe umekalia gunia la mtu usiyemjua, namba ile 1.470 haiko tena ya interro. Unaisikia chini ya miguu.

Karibu yangu palikaa mama mmoja mfanya biashara. Hakuniuliza ninaenda wapi, maana wote tulienda pamoja. Aliniuliza: "Unaenda kwa nani?" Nikamweleza. Basi akanipa chai na muhogo, akachunga mfuko wangu nilipolala. Kisha nikashangaa, maana ulizo lile likanifuata mahali pote. Ofisi ya uhamiaji: "Unakwenda kwa nani?" Mwenye teksi: "Kwa nani huko Ujiji?" Nilifikiri msafiri wa peke yake anapimwa kwa akili au kwa feza. Hapana. Anapimwa kwanza kwa jina la mtu anayemngojea.

Kule Kigoma mambo mengi yaligeuka mara moja. Saa yangu ilisema saa mbili ya asubuhi, lakini ya kwao ilikuwa saa tatu. Motokari zinapita upande wa kushoto, na mtu wa kwetu akitaka kuvuka barabara anatazama kwanza upande usiofaa. Lakini kilichonigusa zaidi ni lugha. Kwetu Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Chiluba, lakini karatasi za serikali zinaandikwa kwa Kifaransa. Kule nilimuona mkubwa wa ofisi akifanya kazi ya serikali kwa lugha ninayotumia nikimuomba mama chumvi. Nilijiona nimeheshimiwa, hata kabla hajapiga muhuri.

Lakini Kiswahili chao na chetu ni kama watoto wa tumbo moja waliolelewa mbali. Nilipofika kwa mama mukubwa, watoto wake waliniamkia "Shikamoo", nami nikajibu "Jambo", wakangoja bado. Kumbe nilipaswa kusema "Marahaba". Nikawaambia: "Kambo anawasalimia." Wakatazamana: mama wa kambo gani huyo? Kwao neno hilo ni la mama asiyekuzaa. Wao wanasema "bibi". Na kwetu bibi ni mke wa mtu! Sombe wanaita kisamvu. Mikeke wanaita migebuka, na samaki ni yeye yule, wa ziwa moja. Tulicheka mpaka usiku.

Siku ya tatu binamu yangu alinipeleka kuona mahali pa ukumbusho, pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Vitabu vingi vinasimulia mzungu mmoja aliyetembea peke yake katika Afrika. Lakini siku ile ni Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka kwanza kumlaki Stanley. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873, Susi na Chuma na wenzao walibeba maiti yake mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu. Hivi huyu naye alikuwa na watu.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Tangu jioni ya kwanza nilikuwa nimeona kitu. Mama mukubwa alipotia chai, aliweka kidole ndani ya kikombe ili ajue imejaa. Aliniambia kwamba nimefanana na mama, lakini alisema hivyo kisha kunipapasa uso kwa mikono. Kikwembe kambo alichonituma alikishika, akakinusa, hakukisifu rangi. Siku moja kabla ya kurudi, nilimuuliza kwa heshima. Akanyamaza kwanza. Kisha akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alimwambia kwamba inawezekana kupasuliwa na kuona tena, lakini aliogopa, na feza hakuna. Akanishika mkono: "Mwanangu, usimwambie mama. Ni mzee. Utamuua na huzuni."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilijua maana ya kusafiri peke yako. Baharini nilikuwa na mama wa biashara. Mjini nilikuwa na barua, nikapokelewa na kuombewa. Lakini usiku ule wa kurudi, juu ya mifuko ya simenti, nilikuwa nimebeba maneno mawili yanayopigana: moja la mama aliyenituma, lingine la mama aliyenipokea. Wote wawili ninapaswa kuwatii. Na hakuna mkubwa wa kuuliza. Nilisali. Nikafikiri hivi: aliyenituma alinituma niwe macho yake. Nikificha, basi naye nimemfanya kipofu. Sasa watakuwa wawili.

Nilipofika nilimwambia yote. Kambo hakulia. Akasema: "Nilijua kuna kitu. Ni miaka miwili tunamutumia foto, na hata siku moja hajasema nani amekonda, nani amenenepa." Kisha akaita watoto wake wote. Kila mmoja alitoa kadiri yake. Kambo aliuza mbuzi wake. Mwaka 2023 mama mukubwa alipasuliwa jicho moja. Siku walipomfungua kitambaa, alipiga telefone, akanitaka mimi kwanza. Nilitetemeka. Akasema: "Wewe mutoto hauwezi kuficha siri." Kisha akasema: "Nitumie foto ya mama."

Wenzangu, wengi kati yetu watavuka mpaka siku moja, kwa masomo, kwa kazi, au kwa shida. Tayarisha karatasi zako mapema. Jifunze kusalimia kama wenyeji. Jua vizuri unaenda kwa nani, na beba salamu, maana salamu ni mzigo usiolipiwa njiani. Zaidi ya yote, mtu akikutuma uone, ona kabisa, na urudishe yale uliyoona. Hiyo kazi hakuna mtu atakayekusaidia kuifanya.