Daraja la Zamani na Watu wa Miguu

Mwezi uliopita mama mmoja wa kijiji chetu alirudi nyumbani bila mzigo wake wa muhogo. Kamyo ilimbana ukingoni mwa daraja jipya, naye akautupa mzigo majini apate kuokoka.

Zamani tulivuka kwa daraja la upinde la beto, lililojengwa wakati wa Wabelgiji. Lilikuwa limepasuka, vyuma vyaonekana, kutu inavila. Hakuna aliyebisha kwamba kamyo zisipite tena pale. Basi likajengwa jipya kando yake, imara kweli, nasi tukashangilia. Halafu la zamani likavunjwa, na juu ya jipya hawakuacha njia ya miguu hata ya hatua moja.

Hapo nilikumbuka picha ambayo padri mmoja alituonyesha seminarini alipotufundisha jometri: daraja la Plougastel, karibu na Brest, Ufaransa. Injinia Eugène Freyssinet alilijenga juu ya mto Élorn kwa matao matatu ya beto, kila moja zaidi ya metre 180. Likafunguliwa mwaka 1930. Kiunzi cha mbao cha kushikilia beto kilikuwa kimoja tu. Tao moja likiisha kuwa gumu, walikieleza majini mpaka mahali pa tao la pili, kisha la tatu. Akili hiyo niliipenda kuliko ukubwa wa daraja lenyewe.

Mwaka 1944, wakati wa vita, Wajerumani walibomoa tao moja; likajengwa tena. Lakini magari yalizidi kuwa mengi, na njia ikawa nyembamba. Mwaka 1994 likafunguliwa jirani yake daraja la Iroise, lenye kushikwa na kamba za chuma, na kati ya minara yake miwili mna metre 400. La zamani hawakulivunja. Waliwaachia watu wa miguu, baisikeli na trakta za wakulima.

Najua, kutunza madaraja mawili ni gharama. Labda letu halikufaa tena hata kwa mbuzi. Mimi si fundi. Lakini njia ya miguu juu ya jipya, je, ingegharimu nini? Hakuna aliyekuja kutuuliza tunavukaje.

Siku hizi nikienda kufundisha ng'ambo naondoka kabla jogoo la pili halijawika, kamyo zingali zimelala, nasukuma baisikeli yangu ukingoni. Wazee watatu wa darasa langu wameacha kuja.