Juni ya Milia, Juni ya Kambare

Mara ya kwanza niliposikia king'ora cha bwawa la Conowingo niliacha ufito, ndoo na viatu, nikapanda mawe kama ngedere. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni 2004. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, aliyeketi juu kabisa ya ukingo kwenye kiti cha kukunja, hakuinuka. Aliningoja nimalize kuhema, kisha akasema, "Kijana, wanafungua maji tu. Kachukue vitu vyako upesi, uje ukae huku juu. Sasa ndipo samaki watakapokula."

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mtoto wa mlangoni pa mto. Kwetu maji yana ratiba yake, na mwenye ratiba ni mwezi. Bamvua likija, maji hupanda mita tatu na ushei na chumvi ikasukumwa mpaka ndani mtoni. Mjomba wangu, mvuvi wa mshipi, hakuwa na haja ya saa. Alitazama mwezi, akahesabu vidole, akajua wakati wa kushusha mtumbwi. Nilipohamia Baltimore nilidhani elimu hiyo nimekuja nayo. Mto Susquehanna ukaniambia nikae chini nianze upya. Pale unapoingia kichwani mwa Ghuba ya Chesapeake, kwenye mji wa Havre de Grace, maji hujaa na kupwa kweli, lakini tofauti yake haifiki hata mita moja. Upepo wa kaskazini-magharibi ukivuma siku mbili huyafukuza maji ghubani, mwezi uwe mpevu au mchanga. Na juu ya hayo kuna lile bwawa, la tangu 1928, ambalo hufungulia maji umeme unapohitajika zaidi. Mchana wa jua kali watu huwasha viyoyozi, na mto hupanda. Nilimweleza mjomba kwa simu kwamba huku bamvua huletwa na viyoyozi. Akaniuliza kama nimeanza kunywa pombe.

Samaki tuliyemfuata wenyeji humwita rockfish. Sisi wachache tuliotoka pwani ya kwetu tulimwita Milia, kwa michirizi saba au minane myeusi inayompitia ubavuni kutoka shavuni hadi mkiani. Aprili na Mei wazazi wakubwa huingia kutoka Atlantiki, wakataga kwenye maji baridi ya kichwa cha ghuba, kisha wakarudi baharini. Juni inapoanza, waliobaki ni wa wastani, wenye njaa, wanaokaa juu kwa sababu maji bado hayajapata moto. Mzee alikuwa na saa yake: mforsadi. Ukining'inia mtoni na kudondosha forsadi nyeusi, alisema, wakati umefika. Kambare na samaki wengine hujikusanya chini yake wakila matunda, na yeye hakuwajali hao. Alikuwa akitazama mti kama mjomba alivyotazama mwezi.

Sheria wakati ule ilikuwa nyepesi: inchi 18 kwenda juu, wawili kwa kila mtu. Tuliwapata wawili kabla ya chai. Kisha, na hapa ndipo ninapoona haya, tuliendelea. Tulivua na kurudisha, tukavua na kurudisha. Siku moja nilihesabu thelathini nikapiga simu Pangani kujisifu. Mjomba hakuelewa hata kidogo. "Umewavua ukawarudisha? Walikukosea nini?" Nilimwona mshamba. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa samaki hawa hukadiria kuwa 9 katika kila 100 wanaorudishwa hufa hata hivyo, na kwamba kwenye maji ya moto yasiyo na chumvi nyingi, kama ya huku Juni mwishoni, hali huwa mbaya zaidi. Piga hesabu ya thelathini wangu, uzidishe kwa kila mwenye ufito ghubani.

Mzee hakuwa mtu wa kuogopa. Aliona mabaya zaidi. Juni 1972 dhoruba Agnes ilishusha tope la mto mzima na kuua majani ya uwanda wa Susquehanna Flats, ule uwanda mpana wa maji mafupi mbele ya mji ambako samaki wadogo hujificha. Kisha Milia wenyewe wakaadimika, hadi 1985 Maryland ikapiga marufuku kuwavua kabisa. Marufuku ilidumu mpaka 1990. Aliniambia mashua yake ilikaa chini ya mti miaka yote hiyo, kuku wakitagia ndani. Na samaki walirudi. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida: unakaa chini, unangoja, wanarudi. Majani nayo yalirudi, na nilipofika mimi yalikuwa yamejaa uwandani kama shamba la mpunga. Septemba 2011 dhoruba Lee ikafagia sehemu kubwa yake. Mzee akasema tungoje.

Huku tukingoja, aliyekuja ni mwingine. Juni 2019, baada ya mwaka mzima wa mvua uliofanya maji ya ghuba kuwa matamu kuliko kawaida, nilivuta kitu kizito kilichong'ang'ania chini kama gogo. Kikatoka kambare: mgongo wa rangi ya buluu, tumbo jeupe, ndevu, mdomo mpana. Kambare wa buluu si mwenyeji wa Chesapeake. Alipandwa kwenye mito ya Virginia miaka ya 1970 na 1980 ili wapenzi wa uvuvi wapate samaki wa kushindana naye, akastahimili chumvi nyingi kuliko walivyotegemea, akasambaa mto kwa mto. Anakula kaa, anakula samaki wadogo, anakula chochote. Mzee alimtazama akatema mate pembeni. Mimi nilimtupa kwenye nyasi kwa dharau ya kwetu: kwa mtu wa pwani, kambare ni samaki wa matope, samaki wa bara. Hata hongwe, ndugu yake wa baharini, tulimla kwa kukosa.

Sheria zikaanza kubana. Mwaka 2020 wawili wakawa mmoja, na inchi 18 zikawa 19. Mwaka 2024 aliyeruhusiwa alikuwa wa kati ya inchi 19 na 24 tu, na nusu ya pili ya Julai ilifungwa. Sababu ipo kwenye kokoro. Ndiyo, kokoro, lile lile ambalo kwetu ukikutwa nalo unachomewa: kila mwaka tangu 1954 watafiti wa Maryland huvuta moja dogo kando ya maji kuhesabu vifaranga vya Milia. Wastani wa miaka yote ni kama 11 kwa mvuto mmoja. Mwaka 2023 walipata 1.0. Wanataja vipupwe visivyo na baridi ya kutosha na mito yenye maji machache wakati wa kutaga. Tena kuna joto la kiangazi chenyewe: maji ya juu yanachemka, ya chini yanakosa hewa, na samaki anabanwa katikati. Ndiyo maana sasa kabla ya kutoka nyumbani tunatazama utabiri wa rangi tatu. Siku ya kijani, vua. Ya njano, kwa uangalifu. Siku nyekundu, joto likifika nyuzi 35, tunaombwa tumwache Milia baada ya saa nne asubuhi. Mzee hakuwahi kuizoea hiyo rangi. Alifariki majira ya baridi ya 2022, na kiti chake cha kukunja kipo kwenye buti ya gari langu.

Kambare hana rangi wala idadi. Wanakuomba uchukue kadiri uwezavyo. Mke wangu ndiye aliyeanza, bila kunitaka ushauri: alimchuna mdogo wa kilo moja na nusu, akamsugua ndimu na chumvi, akamchoma, akampaka tui zito lenye ukwaju na pilipili. Nilikula nimenuna. Nikaongeza wali. Mama aliposikia alinyamaza kidogo kwenye simu. "Mwanangu, umevuka bahari mbili ukamle kambare?"

Juni iliyopita, siku nyekundu, nilikuwa ukingoni kabla ya jua. Milia mmoja tu alishika, wa inchi kumi na tano, nikamtoa ndoana akiwa bado majini. Ilipogonga saa nne nikakata mshipi, nikafunga ndoana kubwa na kipande cha samaki. Dakika chache baadaye king'ora kikalia. Kijana mwenye fulana mpya ya uvuvi akaacha kila kitu, akapanda mawe mbio mpaka miguuni pangu.

"Wanafungua maji tu," nikamwambia. "Kachukue vitu vyako, uje ukae huku. Sasa ndipo samaki watakapokula."

"Samaki gani?"

Nikamfunulia ndoo.