Umeandikwa na Nani?

Mathe aliniuliza swali moja tu: "Kijana, kwani wewe umeandikwa na nani?"

Nilikuwa nimekesha kwa kompyuta hapa Kayole nikichora viboksi kwenye picha. Kiboksi kwa gari, kiboksi kwa mtu anayevuka barabara, kiboksi kwa mbwa. Hivyo ndivyo magari ya kujiendesha hufunzwa kuona. Picha moja, senti chache za dola. Na vikazi vikitokea saa nane usiku, unaamka saa nane usiku, juu ukichelewa wenzako wamevimaliza.

Nikamjibu, "Nimejiajiri, mathe." Nilijisikia mkubwa kusema hivyo.

Asubuhi moja nikajaribu kuingia, akaunti imefungwa. Ndani kulikuwa na dola 47, karibu elfu sita, na kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Imeili ilisema nimevunja kanuni. Kanuni gani? Haikusema. Chini kabisa: usijibu ujumbe huu.

Mathe akasema, "Si uende umuone huyo mdosi?"

Manze, nilicheka nikakaribia kulia. Nimuone wapi? Mtu wa mjengo akinyimwa pesa Jumamosi, anajua nani wa kumngoja getini. Mama fua akizungushwa, anajua mlango wa kugonga. Mimi nilikuwa na nywila tu, nayo haifungui kitu.

Watu husema shida ya hizi kazi ni malipo kidogo. Ni kweli. Januari 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walisoma maandishi ya kutisha ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Lakini anayekulipa kidogo unaweza kumdai zaidi. Usiyemjua utamdai nini?

Ndio maana nafuatilia kesi ya wale waliokuwa wakikagua posti za Facebook hapa Nairobi. Waliposhtaki Meta mwaka wa 2023, kampuni ilijitetea kwamba haina makao Kenya, kwa hivyo korti zetu haziwezi kuiamulia. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema inaweza kushtakiwa hapa hapa. Uamuzi huo haukumpa mtu hata shilingi. Uliwapa mlango wa kugonga.

Sisemi uache hizi kazi. Mimi mwenyewe bado nazifanya kwingine, kodi haingoji. Siku hizi natoa pesa kila inapokubali, siachi ilale huko. Lakini hiyo ni ujanja wa kujikinga, si haki. Haki ni sheria iseme wazi kwamba anayekupa kazi, anayekupangia bei na anayeweza kukufuta usiku mmoja ni mwajiri wako, hata akiwa ng'ambo.

Mimi neno "nimejiajiri" nimeacha kulitumia. Aliyejiajiri hawezi kufutwa na mtu asiyemjua.

Na wewe, umeandikwa na nani?