Mpira na Ndoo Mbili

Watu huiita kazi yangu kuosha samaki, nami nimeacha kubishana nao. Nimezunguka Mikocheni, Masaki na Mbezi Beach miaka mingi, mpira wa maji begani na ndoo mbili mkononi, nikisafisha matangi ya vioo yaliyo sebuleni mwa watu.

Mpira niliuzoea ujanani Fukayosi, kwenye barabara ya Msata, tukinyonya petroli ya kuweka kwenye pikipiki. Kanuni ni ileile: ncha ya kutolea iwe chini kuliko uso wa maji, na mpira ujae pasiwe na hewa ndani. Baada ya hapo maji hujiendesha yenyewe. Ila mdomo situmii, maana maji ya tangi yana kinyesi. Nazamisha mpira wote mpaka mapovu yaishe, naziba ncha kwa kidole gumba, naishusha ndooni, naachia.

Madukani ipo mipira yenye pampu ya kubinya, kwa bei ya kutisha. Pampu inaanzisha maji tu, haisafishi chochote. Kinachosafisha ni mdomo mpana upande wa tangini. Mimi nakata kitako cha chupa ya maji na kuuchomeka mpira shingoni mwake. Ukiuzamisha kwenye changarawe, mawe yanainuka kidogo, yanachezacheza ndani ya chupa, kisha yanarudi chini kwa uzito wake, huku uchafu wa kahawia ukipanda na kwenda zake. Yakianza kupanda mpaka shingoni, bana mpira kwa vidole kupunguza kasi. Tangi dogo halitaki mpira mnene, litakauka kabla hujafika kona ya pili. Kwenye tangi la vifaranga natumia mpira wa dripu. Na samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, hukaa kwenye mchanga. Hapo mdomo wa chupa nauning'iniza juu ya mchanga bila kuugusa.

Mama mmoja alinipokea kwa lawama hata shikamoo yangu hajaitikia vizuri.

“Fundi, samaki wanakufa na maji ni meupe kabisa!”

“Mama, sumu yake haina rangi.”

Nilipozamisha chupa kwenye changarawe, ndoo iligeuka uji wa ulezi. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza hutoa amonia, na amonia huwachoma samaki matamvua. Mama huyo alikuwa akiwalisha kila mgeni alipoingia.

Sitoi maji yote. Robo kwa wiki inatosha. Ukimwaga yote na kusugua kila kitu unaua bakteria wanaoila hiyo amonia. Sponji ya chujio naisuuza kwenye maji niliyoyatoa, si ya bomba. Ya bomba yanatoka mtambo wa Ruvu Chini, huko kwetu wilaya ya Bagamoyo, yakiwa na klorini inayoua hao bakteria, kwa hiyo ya kujazia nawaomba wenyeji wayalaze kwenye ndoo zilizo wazi tangu jana yake, klorini iruke.

Siku hizi nimerudi Fukayosi na tangi langu moja la perege wadogo. Maji machafu namwagia mchicha, nao unapenda.

Nawaomba mnaonunua tangi: chukueni na mpira siku hiyohiyo, msisubiri samaki waelee ndipo mnipigie simu.