Uzi wa Bibi

Alhamisi nyumba yetu ya Kariakoo ilinukia ubani hata kabla ya adhana ya magharibi. Bibi alivuta chetezo kutoka uvunguni, akatia makaa, akapepea kwa kipepeo cha ukindu huku akinituma dukani: tangawizi, kahawa, sukari ya thumuni. Zikri yenyewe haikuwa kwetu. Ilikuwa nyumba ya nne, kwa sheikh mmoja aliyeshona kanzu mchana na kusimamisha halaka usiku. Uani kwake palitandikwa majamvi. Wanaume walikaa upande wa mwembe, na wanawake walikaa nyuma ya kanga mbili zilizotundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo.

Sisi tulikuwa watu wa tarika ya Kadiria. Hilo nililijua kama nilivyojua kwamba sisi ni Wamanyema, bila kuelewa maana ya lolote kati ya hayo mawili.

Chuoni nilikosoma palikuwa na watoto waliojua kuhesabu babu zao mpaka Hadhramaut. Siku moja, mwalimu akiwa ametoka, tukashindana. Mmoja alihesabu saba, mwingine tisa. Ilipofika zamu yangu nikataja baba, nikataja babu, nikanyamaza. "Babu yako hakuzaliwa?" akauliza mwenzangu, na chuo kizima kikacheka.

Nilimkuta Bibi amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nikamweleza huku nalia. Hakuacha kukuna.

"Wana wangapi, hao?"

"Tisa, Bibi."

"Keti hapo, mume wangu. Mimi nitakupa zaidi ya ishirini."

Akaanza. Mtume Muhammad, sala na amani zimfikie. Sayyidna Ali. Hassan Basri. Habib Ajami. Daud Tai. Maarufu Karkhi. Sirri Saqati. Junaid. Shibli. Na wengineo, mpaka Sheikh Abdulqadir Jilani wa Baghdad, na kutoka kwake kuteremka mpaka pwani yetu. Hakujua kusoma hata herufi moja. Majina hayo aliyapata kwa sikio nyuma ya pazia, Alhamisi baada ya Alhamisi, na aliyataja kama mtu anayetaja majirani wa mtaa aliohama.

Kila mmoja alikuwa na habari zake. Habib Ajami ndiye aliyempenda kuliko wote, na jina lenyewe linasema kwa nini: ajami ni asiye Mwarabu. Alikuwa Mwajemi wa Basra, kwanza mla riba, kisha akatubia. Ulimi wake ulikuwa mzito. Bibi alisimulia kwamba Hassan Basri alimpitia jioni moja akamkuta anasalisha, akasikia alhamdu yake imepinda, "ha" haikutoka kooni inavyotakiwa. Hassan akajitenga, akasali peke yake. Usiku akaoteshwa kwamba sala iliyokuwa bora kuliko sala zake zote ilikuwa ile aliyoikataa. Hapo Bibi aliiga alhamdu ya Habib, nayo ilifanana kabisa na alhamdu ya wazee wetu waliotoka bara.

Maarufu Karkhi, kwa masimulizi yaleyale, alizaliwa na wazazi wasiokuwa Waislamu. Sirri Saqati, mjomba wake Junaid, alikuwa mchuuzi wa vikorokoro sokoni Baghdad. Saqati ndiyo hiyo, bidhaa iliyotupwa ikaokotwa. "Kama hawa wa Mtaa wa Kongo," alisema Bibi, akigonga kifuu ukingoni mwa sinia. Junaid mwenyewe, aliyefariki 910 na ambaye masufi wa kila tawi wanamwita bwana wao, alikuwa na duka.

Ukubwani nilisoma kwamba wanazuoni wamebishana tangu kale kama Hassan Basri, aliyefariki 728, aliwahi kupokea chochote kutoka kwa Sayyidna Ali ana kwa ana. Nashukuru habari hiyo haikumfikia Bibi. Angeuliza huyo anayebisha ni mwana wa nani.

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi, nikapewa kuisoma silsila, majina yaleyale ya Bibi, mbele za watu. Sauti yangu ilikuwa bado nyembamba, na sheikh aliipenda. Nilivaa kanzu aliyonishonea yeye mwenyewe, ndefu kwa inchi mbili ili isiwe fupi kwangu haraka. Taa ya karabai ikavuma. Nikashika kitabu chenye jalada la kitambaa, nikaanza vizuri, nikaona watu wameinamisha vichwa, nikaona raha. Raha ndiyo iliyoniponza. Kutoka kwa Sirri Saqati nikarukia Shibli.

Wanaume hawakusema kitu, pengine hawakusikia. Nyuma ya kanga kikatoka kikohozi kimoja kikavu. Nilikijua kikohozi kile. Sheikh akainua kidole.

"Umemwacha nani?"

Nikatazama kitabu. Junaid alikuwa pale, mstari mzima, kwa wino mwekundu.

"Rudi mwanzo," akasema.

Nilidhani mwanzo ni kwa Sirri. La, mwanzo ni Mtume. Nikarudia yote, masikio yananiwaka, na nilipofika kwa Junaid nilipaza sauti mno mpaka mtu mmoja akacheka. Ndipo wakasimama, wakashikana mikono, zikri ikaanza: ile ya pumzi, inayotoka kifuani nzito nzito, ambayo wasioipenda huiita zikri ya kukohoa. Mpaka leo nikisikia watu wanapumua pamoja gizani mgongo hunisisimka.

Njiani kurudi nyumbani Bibi alinishika mkono. Nilitegemea makaripio. Alisema tu, "Uzi ukikatika, shanga zote chini." Siku zote alisema uzi. Ustadhi wetu, akifasiri silsila, alisema mnyororo, na Kiarabu kinamuunga mkono. Bibi hakulitaka neno hilo. Baba yake aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto, na hakuja kwa uzi.

Mwaka uliofuata akanichukua ziyara ya Bagamoyo. Tulipanda Bedford la kukodi, bendera za kijani zimefungwa kwenye kingo za bodi, wanawake mbele juu ya magunia ya mchele na vijana nyuma na madufu yao. Safari ya kilomita sabini hivi ilichukua mchana mzima. Mapinga tulizama mchangani, tukashuka kusukuma, na kaswida haikukatika hata wakati wa kusukuma. Bagamoyo tulipikiwa pilau kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani, na watu walikuwa wengi kupita nilivyowahi kuona mahali pamoja: wa Tanga, wa Rufiji, wa Tabora, kila kundi na bendera yake.

Asubuhi Bibi akanipeleka kaburini kwa Sheikh Ramiya. Alivua viatu mbali, akakaa chini, akanyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Jina kamili la Ramiya ni Sheikh Yahya bin Abdallah. Alizaliwa Manyema, Kongo, akatekwa utotoni, akaja na misafara iliyoishia Bagamoyo, akanunuliwa na Amir bin Suleiman al-Lamki, Mwarabu wa Oman aliyekuwa liwali wa mji zama za Wajerumani. Alisomeshwa, naye akawa na kichwa cha kusoma. Akasomesha wengine, akapokea ijaza, idhini ya Kadiria, akawa khalifa, na waliomfuata walijaa toka mwambao mpaka bara. Mwaka 1916 Waingereza walipouteka mji, huyo aliyenunuliwa na liwali akafanywa liwali. Alifariki 1931. Kwa sheria, utumwa katika Tanganyika ulifutwa 1922, miaka sita baada ya yeye kukaa kwenye kiti kile. Huwa nairudia hesabu hii, kwa sababu kila nikiifanya inanishangaza upya.

Masharifu pia walikuwepo katika tarika, na wanazuoni wakubwa walikuwepo. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeieneza Kadiria Unguja tangu zama za Sayyid Barghash, aliipokea Baghdad kwenye ukoo wa Jilani wenyewe, akauawa Somalia 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan. Tawi lake lilikuwa na njia yake, la Bagamoyo lina njia nyingine, na wazee waliweza kubishana usiku kucha nani alipokea kwa nani. Bibi hakuingia. Alisema mito yote imetoka kwa Jilani, kunyweni.

"Kwa nini anaitwa bin Abdallah?" nilimuuliza pale kaburini. "Baba yake aliitwa Abdallah?"

Aliokota jani kavu lililoanguka karibu na goti lake, akalitia mfukoni mwa gauni, sijui kwa nini.

"Watumwa wengi waliitwa hivyo. Mtu akisilimu na baba hajulikani, wanaandika bin Abdallah. Mja wa Mungu. Nani ataleta shahidi kubisha?"

Tulirudi Dar es Salaam na lori lilelile. Nililala nimeegemea gunia.

Bibi alifariki nikiwa nafanya kazi Mwanza. Niliporudi kwenye arobaini shangazi alinikabidhi kisanduku chake cha bati. Ndani mlikuwa na kanga mbili ambazo hazijavaliwa, tasbihi, kitabu cha benki chenye shilingi zisizotosha nauli ya kwenda Bagamoyo, na karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Ilikuwa ijaza yake. Silsila nzima kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa mtu mwenye subira, jina chini ya jina. Junaid yupo. Jina la Ramiya lipo, karibu na mwisho, kisha jina la aliyempa Bibi mkono.

Mstari wa chini kabisa ni jina la Bibi mwenyewe, binti Abdallah. Baba yake, sisi wajukuu, tulizoea kumsikia kwa jina la utani tu.

Karatasi imechakaa kwenye mikunjo. Chini ya jina lake pamebaki nafasi ya vidole viwili, nyeupe.